Sura ya 6: Ikiharibika, Nani Anaitengeneza?

Umeme ulikatika Mkuyuni saa 9 alasiri, mvua ya masika ikiwa ndiyo kwanza inashuka kutoka mlimani. Mwalimu wa taaluma alikuwa amehifadhi jedwali la alama za Kidato cha Pili dakika hiyohiyo; alisikia radi, akabonyeza, taa zikazima. Uliporudi jioni, faili lilikuwepo mahali pake, jina ni lilelile, lakini ukubwa wake sifuri. Hakupiga kelele. Alitoa karatasi za mtihani kabatini, akawasha taa, akaanza kuingiza alama upya, mtoto mmoja baada ya mwingine.

Siku 2 baadaye nilikuwa ofisini kwake, kwa sababu ile kompyuta iliyokuwa kwenye kona, isiyo na skrini wala kibodi, iliyoinuliwa juu ya tofali ili maji yasiifikie, niliifunga mimi mwenyewe miaka kadhaa nyuma. Niliifunga vizuri, nikapewa chai na ndizi, nikaondoka. Sikurudi tena kuitazama.

"Fundi," akaniambia, "hii programu iliyomo humu, tunamlipa nani?"

"Hatumlipi mtu, Mwalimu. Ni ya bure."

"Sasa ikiharibika, nani anaitengeneza?"

Nikamjibu kwamba wako watu duniani wanaoitunza. Akaitikia kwa adabu, kama abiria aliyeambiwa na kondakta kwamba gari liko njiani. Jibu langu lilikuwa la kweli, ila lilikuwa fupi mno kwa mtu aliyekesha akiingiza alama upya.

Anayeijua barabara ya kutoka Morogoro mjini kupita Bigwa na Kiroka hadi Mkuyuni anajua kwa nini shule za huku zinahitaji kitu cha aina hii. Zamani mafaili yalisafiri kwa flashi. Mwalimu wa hisabati alikuwa na nakala yake ya orodha ya wanafunzi, mwalimu wa fizikia na yake, mkuu wa shule na ya tatu, na hakuna aliyejua ipi ni ya mwisho. Flashi iliyoshinda steshenari ilirudi na virusi. Kuyaweka mafaili kwenye intaneti kunataka bando, na bando linataka hela kila wiki. Lakini ukichukua kompyuta moja kuukuu, ukaiunganisha kwa waya na nyingine 4 zilizomo jengo hilohilo, mafaili yanakaa mahali pamoja na yanapita kwenye waya bila senti ya bando. Kompyuta hiyo ndiyo seva. Programu inayoifanya ijibu inapoulizwa na kompyuta za Windows, kama vile nayo ni Windows, inaitwa Samba.

Jina hilo lina kisa ambacho Mswahili hawezi kukipita. Itifaki ambayo Windows hutumia kugawana mafaili ilibuniwa katika kampuni ya IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha Microsoft ikaiendeleza. Ikajulikana kwa herufi 3, SMB. Mwishoni mwa 1991 mwanafunzi wa shahada ya uzamivu huko Canberra, Australia, Andrew Tridgell, aliandika programu ndogo ya kuiwezesha kompyuta yake kusoma mafaili yaliyokuwa kwenye mashine yenye mfumo wa Unix. Akaitoa hadharani Januari 1992, akaiacha, akairudia karibu miaka 2 baadaye alipotaka kuunganisha kompyuta ya mkewe na ya kwake. Jina ambalo programu ilikuwa nalo wakati huo lilikuwa tayari mali ya kampuni nyingine. Basi akaiagiza kompyuta ipekue orodha ya maneno ya Kiingereza na kumtolea yote yanayoanza na s, kisha yana m, kisha b, kwa mpangilio huo. Yalitoka machache, na mojawapo lilikuwa samba.

Laiti angepekua kamusi yetu. Angepata shamba. Angepata simba, sambusa, sumbua. Na angepata neno moja linaloeleza kazi yenyewe ya programu hiyo kuliko ngoma yoyote ya Brazil: sambaza. Kila ninapoandika jina la programu hii nalisikia kama kitenzi kilichokatwa mkia.

Tridgell hakuwa na maelezo kamili ya itifaki. Alijifunza kwa kusikiliza yanayopita kwenye waya, na mwenyewe amezoea kueleza njia hiyo kwa mfano wa mtu aliyeingia mgahawa wa Ufaransa bila kujua Kifaransa: anakaa, anasikiliza mteja anavyoagiza, anatazama mhudumu analeta nini. Mfikirie mtoto wa pwani aliyeshuka gulioni Kinole siku ya soko, haelewi Kiluguru hata neno moja. Atasikia neno, ataona mkungu wa ndizi unashushwa. Atasikia jingine, ataona fenesi. Jioni ana maneno 20. Lakini kuna maneno ambayo hayatamkwi siku ya soko, yanatamkwa msibani au kwenye mahari, na huyo mgeni hatayajua mpaka awepo siku hiyo. Ndiyo hali waliyoishi nayo watunzaji wa Samba kwa miaka mingi. Mlango ulifunguka kidogo kwa nguvu ya sheria: Machi 2004 Tume ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya yuro milioni 497 na kuiamuru itoe maelezo ya itifaki zake, mahakama ikaunga mkono uamuzi huo Septemba 2007, na Desemba mwaka huo watu wa Samba wakapata nyaraka kwa malipo ya mara moja ya yuro 10,000.

Hata baada ya kupata nyaraka hawakuacha kusikiliza. Wana mkusanyiko mkubwa wa majaribio waliouita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mateso, na hauna huruma kweli. Kabla ya kuandika msimbo mpya wanaandika jaribio, wanalielekeza kwanza kwa Windows halisi ili kuona yenyewe inajibu nini, kisha ndipo wanaifundisha Samba ijibu hivyohivyo. Jaribio likishaandikwa linabaki humo, na kila badiliko la miaka ijayo lazima lilipite.

Mtu akitaka kurekebisha kitu, anaandika kiraka. Neno hili wanasayansi wa kompyuta hawakuhitaji kuliunda. Kila mama aliyewahi kushona kaptula ya mtoto iliyotoboka analo. Kiraka hakiingii mpaka watu 2 wa timu ya Samba wakiidhinishe. Aliyekiandika akiwa mwanatimu, yeye ni mmoja wao. Kisha mashine inaijenga Samba yote upya pamoja nacho na kuendesha majaribio kwa saa kadhaa. Likianguka jaribio moja, kinarudishwa. Kazi kubwa hukatwa vipande vidogo, na kila kipande lazima kisimame chenyewe. Kwa nini usumbufu wote huo? Kwa sababu ya siku ambayo kitu kitaharibika na hakuna ajuaye kiliharibika lini. Kama mwaka jana ilikuwa sawa na leo si sawa, na katikati kuna viraka 1,000, unajaribu cha katikati: ni kizima? Basi kosa liko nusu ya pili. Unakata tena. Kwa majaribio 10 hivi umekifikia kiraka chenye kosa. Hilo linawezekana tu kama kila kipande kilisimama. Kama viliingizwa kwa fujo, utaishia kubahatisha.

Seva ina shida nyingine ambayo programu ya kawaida haina: haizimwi. Ya Mkuyuni, umeme ukiwa na heri, hukaa wiki nyingi bila kupumzika. Samba imeandikwa sehemu kubwa kwa lugha ya C, na katika C mwandishi huomba nafasi ya kumbukumbu kwa mkono wake na kuirudisha kwa mkono wake. Akisahau kurudisha kidogo tu kila mara faili linapofunguliwa, baada ya mwezi seva inakosa pumzi. Tridgell aliandika maktaba iitwayo talloc kutibu ugonjwa huo, na namna yake ya kufikiri Mluguru ataielewa upesi. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, lukolo. Mtu anaweza kupewa sehemu alime katika ardhi ya ukoo wa baba yake, lakini ni ya kutumia. Akifa inarudi kwa wenyewe. Katika talloc vilevile, kila kipande cha kumbukumbu kina mzazi. Kazi ikiisha mzazi anaachiliwa, na vyote alivyovizaa, na wajukuu, vinarudi pamoja naye. Mwandishi hahitaji kuvikumbuka kimoja kimoja. Anachohitaji ni kujua hiki ni cha nani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nadhani ndilo gumu kuliko yote katika kutunza msimbo wa zamani: lini uulime upya, lini uuache.

Mbele kidogo ya Mkuyuni, kwa barabara hiyohiyo, iko Matombo. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Kwenye karatasi mpango ulionekana una akili. Lakini udongo wenye rutuba kwenye miteremko ile ni tabaka jembamba la juu. Ulipoukata mlima na kuupanga ngazi, udongo mzuri ulifukiwa na ule hafifu wa chini ukapanda juu. Mavuno yakashuka. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa.

Samba nayo iliwahi kukatwa ngazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 msimbo wake ulikuwa umechakaa, umejaa viraka juu ya viraka, na Tridgell akaanza kuandika toleo la 4 kutoka mwanzo, safi, likiwa na seva mpya ya mafaili. Wenzake wengine, Jeremy Allison na Volker Lendecke miongoni mwao, waliendelea kulipalilia toleo la 3 ambalo dunia ilikuwa inalitumia. Kwa miaka mingi palikuwa na mashamba 2 yenye jina moja. Lile jipya lilikuwa na kitu kikubwa ambacho la zamani halikuwa nacho: uwezo wa kusimamia mtandao mzima wa Windows, majina na nywila za watu wote, kazi ambayo Andrew Bartlett aliibeba sana. Lakini seva ya mafaili ya zamani, ile yenye sura mbaya, ndiyo iliyokuwa na rutuba. Kila mstari wake wa ajabu uliwekwa kwa sababu kuna printa mahali fulani ilikwama, kuna ofisi ilipoteza faili. Toleo la 4.0 lilipotoka tarehe 11 Desemba 2012, baada ya karibu miaka 10, ndani yake mlikuwa na usimamizi mpya, na seva ya mafaili iliyowekwa kama chaguo la kawaida ilikuwa ile ya zamani. Udongo wa juu ulibaki juu. Nauheshimu uamuzi huo kuliko msimbo wenyewe, kwa sababu ulimtaka mtu akubali kwamba kazi yake safi ya miaka iwekwe kando.

Halafu kuna wakati lazima ulime mpaka chini. Tuseme umekwenda kwa mfanyabiashara wa mdalasini na unataka gunia moja. Unakagua la tatu kutoka mlangoni, unaona ni zuri, unamwambia kijana, "Nipakilie lile la tatu," unageuka kuhesabu hela. Katikati hapo mtu mwenye nia mbaya anahamisha magunia. Kijana anapakia la tatu kwa uaminifu kabisa, na wewe unafika nyumbani na majani makavu. Kukagua hakukuwa na kosa, wala kupakia. Kosa liliingia katikati. Dawa yake ni kulishika gunia lenyewe tangu unapolikagua na kutoliachia mpaka liko garini.

Samba kwa miongo ilikuwa inayaita mafaili kwa njia ya "la tatu kutoka mlangoni", yaani kwa jina na anuani yake. Ilikagua kama mtumiaji ana ruhusa, kisha ikalifungua kwa jina lilelile. Kwenye Unix kuna faili la aina ya pekee ambalo halina kitu ndani, linaelekeza tu kwingine. Mjanja akilichomeka katikati ya kukagua na kufungua, seva inaweza kumpeleka asikoruhusiwa. Matundu mojamoja yaliweza kuzibwa, na yalizibwa, lakini chanzo kilikuwa mtindo wenyewe wa kuita kwa jina. Allison na Ralph Böhme wakashika kazi ya kubadilisha tabaka zima linalozungumza na diski ili kila mahali lishike gunia kwa mkono. Iliwachukua zaidi ya miaka 2, ikakamilika katika toleo la 4.15 la Septemba 2021. Mtumiaji hakuona kitufe kipya hata kimoja. Na badiliko lilikuwa kubwa kiasi kwamba halikuweza kurudishwa kwenye matoleo ya nyuma. Aliyetaka usalama huo ilimbidi apande toleo jipya.

Hapo ndipo swali la mwalimu linaponigeukia mimi. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea duniani kupitia tundu katika lahaja kongwe ya SMB upande wa Windows, na Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa kiraka tangu Machi. Tarehe 24 ya mwezi huohuo wa Mei watu wa Samba walitangaza tundu lao wenyewe, lililokuwa limekaa ndani tangu 2010, pamoja na kiraka chake. Septemba 2019, katika toleo la 4.11, waliizima ile lahaja kongwe, ingawa mwenye shida anaweza kuiwasha kwa mkono wake. Naunga mkono. Najua inavyouma: katika ofisi moja niliyohudumia, skana ya zamani iliacha kutuma karatasi siku niliyopandisha toleo, na watu walinitaka nirudishe kama ilivyokuwa. Niliitengea skana ile kompyuta yake ndogo pembeni, isiyoshikana na mafaili mengine. Ilinichukua siku nzima, na hakuna aliyenishukuru, lakini ndiyo kazi.

Kumbe wanaoitunza wako, na wengi wao wanalipwa. Samba hutoa toleo jipya kila baada ya miezi 6 hivi, na toleo likifikisha mwaka na nusu linaachwa. Nyuma yake kuna waajiri kama SerNet ya Göttingen, Red Hat, na Catalyst ya New Zealand. Mwaka 2024 mfuko wa serikali ya Ujerumani wa kutunza programu huria uliweka fedha humo. "Ni ya bure" niliyomwambia mwalimu ilikuwa nusu ya maelezo. Leseni yake inampa yeyote haki ya kuusoma msimbo, kuubadilisha na kuusambaza, mradi na yeye asiwafungie wengine. Jasho limelipiwa kwingine.

Wala si kwamba sisi ni wa kupokea tu. Takwimu za afya za Tanzania hupita katika DHIS2, programu huria iliyoanzia Afrika Kusini na kuratibiwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo, na kuna timu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambayo kwa miaka imeiunda na kuitunza kwa mahitaji ya hapa. Kijana anayesoma informatiki katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) mjini Morogoro, saa moja na ushee kutoka shule ile, anaweza leo kuufungua msimbo wote wa Samba. Tena ana kitu ambacho Göttingen hawana kwa wingi: umeme unaokatika. Taarifa nzuri ya hitilafu inataka saa, toleo, hatua zilizofuatwa na kilichotokea. Huku kwetu mazingira ya kuijaribu yapo bila kuyatengeneza.

Nilichokikuta katika seva ya Mkuyuni ni hiki. Windows inapohifadhi jambo muhimu, inaweza kuiambia seva: usiniambie tayari mpaka uwe umeandika kwenye diski yenyewe. Zamani programu ziliomba hivyo ovyo, hata pasipo haja, na diski zikalemewa. Kwa hiyo Samba iliwekwa ipuuzie ombi hilo isipokuwa msimamizi aamuru vinginevyo. Ilisema "tayari" wakati data bado iko kwenye kumbukumbu, na kumbukumbu hupotea na umeme. Katika toleo la 4.7, Septemba 2017, walibadilisha: kompyuta za kisasa zinaomba kwa busara, basi ombi liheshimiwe. Toleo nililomfungia mwalimu lilikuwa la kabla ya hapo. Kilichomlia usiku wake kilikuwa kimekwisha kutengenezwa Septemba 2017, na watu wasioijua Mkuyuni. Kilikuwa kinasubiri mtu akibebe kutoka mjini.

Nilimweleza hivyo, nikamwomba radhi. Nilikuwa nimeyashusha matoleo mapya Morogoro, nikayaleta kwa flashi. Tulinakili kwanza kila kitu kwenye diski ya pembeni, nikapandisha mfumo, nikahakikisha mpangilio ule umewashwa. Mwalimu alikuwa amesimama na daftari, anaandika saa na nilichofanya, kwa mwandiko wa ubaoni. Ilipokuwa tayari, akaketi kwenye kompyuta yake, akafungua jedwali lile aliloliingiza upya, akaongeza jina moja la mwanafunzi mgeni, akahifadhi. Kisha akainuka mwenyewe, akaenda ukutani, akazima swichi kuu.

Tukangoja dakika 2. Akawasha. Seva ikaamka polepole, feni yake ikipiga kelele. Akafungua faili, akahesabu majina kwa kidole, akafika la mwisho, la mgeni.

"Lipo," nikasema.

Akaandika saa kwenye daftari. Akaongeza jina la pili, akahifadhi, akaenda tena ukutani.